Laptopu nyepesi ya kazi na ya kuandikia programu: anza na RAM, uzito baadaye

Ukiingia kwenye maduka ya kompyuta ya Kariakoo, Dar es Salaam, au ya Moi Avenue, Nairobi, ukaomba laptopu nyepesi ya kazi na ya kuandikia programu, jibu la kwanza mara nyingi ni hili: "Bosi, chukua hii, ni Core i7." Unawekewa mkononi mashine nyembamba, ya kijivu, bado safi, na bei yake haitishi. Halafu maneno yanaanza kumiminika: RAM, SSD, kizazi, inchi kumi na nne, chaji saa sita. Anayeona haya kuuliza huitikia, analipa, na alichonunua anakuja kukijua miezi miwili baadaye, siku kazi nzito ya kwanza inapomfika.

Mkanganyiko huu umeongezeka tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kuitolea Windows 10 masasisho ya kawaida ya usalama. Windows 11 iliyoirithi haizikubali rasmi karibu prosesa zote (chipu inayoifanyia kompyuta hesabu zake) za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Maana yake ni kwamba laptopu nyingi nzuri zilizotumika maofisini Ulaya na Marekani, za mwaka 2016 na 2017, zimefika mwisho wa safari yake na Windows ilhali bado zinawaka bila tatizo. Wapo wanaozikataa zote, na wapo wanaozinunua bila kujua. Hebu tuyafungue maneno haya moja moja, kwa sababu fedha zinazolipwa hapa ni nyingi na kwa wengi ni akiba ya mwaka mzima.

Wepesi unatoka wapi

Kwa kipimo cha kawaida, laptopu ya inchi 13 au 14 yenye uzito chini ya kilo 1.5 huitwa nyepesi. Zipo za chini ya kilo moja, kama LG gram ya inchi 13 iliyoanza kutoka 2014, lakini hizo huwa za bei ya juu. Za inchi 15.6 za kuchezea michezo huvuka kilo mbili kwa urahisi, na chaja yake ni mzigo mwingine. Anayepanda daladala au matatu mbili kwenda kazini na kurudi anaujua uzito huo begani.

Mtindo wa laptopu nyembamba ulipata umaarufu Januari 2008, Steve Jobs wa Apple alipoitoa MacBook Air ya kwanza ndani ya bahasha ya karatasi mbele ya hadhira, San Francisco. Ilikuwa na kilo 1.36. Watu walishangilia bahasha, lakini tazama kilichotolewa ili iingie humo. Sehemu ya CD haikuwepo. Tundu la USB lilikuwa moja. Betri ilifungiwa ndani. RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ilikuwa GB 2, imechomelewa moja kwa moja kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu wa ndani, kwa hiyo haikuongezeka wala kubadilika. Mwaka 2011 Intel ikawahimiza watengenezaji wengine waifuate njia hiyo kwa jina la Ultrabook, na tangu hapo biashara nzima imeelekea huko.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Kila gramu iliyopungua imetoka mahali fulani: kwenye soketi ya RAM, kwenye feni, kwenye ukubwa wa betri, kwenye matundu ya pembeni. Laptopu nene ya zamani ukiikosea unaweza kuirekebisha kwa fundi. Nyepesi ukiikosea, umeikosea mpaka siku utakapoiuza. Ndiyo maana mpangilio wa maswali ni muhimu: lisiloweza kubadilishwa liulizwe kwanza.

RAM na SSD si kitu kimoja

Muuzaji akisema "ina GB 512", anazungumzia hifadhi, yaani SSD, mahali faili zinapokaa hata laptopu ikizimwa. RAM ni kumbukumbu ya muda, mahali kazi inapofanyikia wakati laptopu imewaka. Mfikirie fundi cherehani. SSD ni rafu zake, ambamo vitambaa vyote vinahifadhiwa. RAM ni meza anayokatia. Rafu zikiwa kubwa, anahifadhi vitambaa vingi, lakini meza ikiwa ndogo hawezi kutandaza gauni la harusi. Analikunja, anakata kipande, analirudisha rafuni, anachukua kipande kingine. Kazi inakwisha, ila kwa kuchelewa. Laptopu yenye RAM ndogo hufanya hivyohivyo: inachukua sehemu ya SSD na kuifanya meza ya dharura, na ingawa SSD ina kasi, haiifikii RAM hata kidogo.

Kwa kazi za ofisi, yaani barua pepe, Excel, mikutano ya video na brauza yenye kurasa kumi, GB 8 zinakutosha ukijibana. Kwa kuandika programu, inategemea unaandika nini. Mwenye kujifunza lugha za programu kama Python, PHP au JavaScript anahitaji kihariri (programu ya kuandikia msimbo), brauza na labda hifadhidata ndogo. Hapo brauza ndiyo inayokula kuliko vingine vyote. Anayetengeneza programu za simu yuko kwenye ulimwengu mwingine. Google, katika mahitaji ya Android Studio, programu yake ya kutengenezea programu za Android, inataja GB 8 kuwa kiwango cha chini kwa programu hiyo peke yake, na GB 16 ukiendesha na emuleta, ile simu ya bandia inayofunguka kwenye skrini. Anayetumia Docker kuendesha huduma kadhaa kwa pamoja yuko kundi hilohilo. Ushauri wangu kwa yeyote anayenunua laptopu ya kuandikia programu kwa ajili ya miaka mitatu ijayo ni GB 16, na hapo sioni sababu ya kulegeza. Hata Apple, iliyoshikilia GB 8 kwa miaka mingi kama kiwango cha kuanzia cha MacBook Air, ilikipandisha hadi GB 16 Oktoba 2024.

Upande wa hifadhi, hakikisha tu ni SSD ya kweli. Laptopu nyepesi za bei ya chini kabisa huwekewa eMMC, aina ya hifadhi iliyochomelewa na yenye kasi ndogo, mara nyingi GB 64 au 128. Ziepuke. SSD za aina ya NVMe zina kasi kuliko za SATA, lakini tofauti hiyo huioni sana unapoandika programu. Zaidi ya hayo, kwenye laptopu nyingi za Windows SSD hubadilishika kwa bisibisi moja, kwa hiyo GB 256 si kifungo. Kwenye MacBook Air ni kifungo.

Stika ya i7

i3, i5 na i7 ni madaraja ndani ya kizazi kimoja. Hayasemi chochote kuhusu umri. Kinachosema umri ni namba inayofuata kistari. Prosesa ya i7-6600U ni ya kizazi cha sita. I5-8250U ni ya kizazi cha nane. I5-1135G7 ni ya kizazi cha kumi na moja. Herufi nayo ina maana: U ni prosesa inayobana umeme, ile ya laptopu nyepesi, H ni ya nguvu nyingi, inayotaka feni kubwa na betri kubwa.

Sasa linganisha. i7-6600U, na hata i7-7500U ya kizazi cha saba, zina viini viwili tu. Kiini ndicho sehemu ya prosesa inayofanya kazi yenyewe, kwa hiyo viini vingi ni mikono mingi. Mwaka 2017 Intel ilipotoa kizazi cha nane cha laptopu nyepesi, i5-8250U ilikuja na viini vinne. Yaani i5 ya mwaka huo ina viini mara mbili ya i7 iliyoitangulia. Ukiwekewa mbili hizo mezani na i7 ya kizazi cha sita ikauzwa ghali zaidi kwa sababu ya stika, umeshajua la kufanya. Na kizazi hichohicho cha nane ndicho mpaka wa Windows 11, kwa hiyo mstari mmoja unakutatulia maswali mawili.

Upande wa AMD, mshindani wa Intel, pia kuna laptopu nzuri nyepesi ambazo wanunuzi wengi huzipita kwa kutozijua. Ryzen 5 PRO 4650U ya mwaka 2020 ina viini sita. Za Apple zenye prosesa ya M1, zilizoanza Novemba 2020, bado zinafanya kazi kwa nguvu na kukaa na chaji muda mrefu, na ndizo njia ya kawaida kwa anayetaka kutengeneza programu za iPhone, kwa sababu Xcode, programu ya Apple ya kuzitengenezea, huendeshwa kwenye macOS, mfumo wa Mac, tu. Tangu Desemba 2023 Intel imeanza kuziita prosesa zake mpya za laptopu Core Ultra, bila ile i, usishangae ukiikosa.

Na za kizazi cha sita na saba, zitupwe? Hapana. Kwa mwanafunzi mwenye fedha kidogo, mashine ya kizazi cha saba yenye RAM ya GB 16, ikiwekewa, badala ya Windows, mfumo wa Ubuntu au Linux nyingine inayopokea masasisho, inaandika programu za wavuti vizuri kabisa. Tatizo ni kuinunua kwa bei ya i7 "mpya" huku ukitegemea Windows 11.

Yanayosemwa sana

"Ya kuandikia programu lazima iwe ya gemu." Sio kweli. Kadi kubwa ya picha ina kazi kwenye michezo, kuhariri video nzito na kufundisha mifumo ya akili bandia. Kihariri cha msimbo hakiigusi. Hata anayejifunza akili bandia anaweza kuanza kwenye Google Colab, ambako hesabu nzito hufanyika kwenye kompyuta za Google, laptopu yake ikiwa dirisha tu. Ukibeba kilo mbili na nusu kwa ajili ya kadi usiyoitumia, umelipia mzigo.

"Utaongeza RAM baadaye." Labda. Kwenye nyepesi nyingi haiwezekani, na usikubali neno la mdomo. Washa laptopu, fungua Task Manager kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya utendaji (Performance), bonyeza Memory. Mbele ya maneno "Form factor" ikiandikwa "SODIMM", RAM inachomoka. Ikiandikwa "Row of chips", imechomelewa. Hapohapo huonyeshwa soketi ngapi zipo na ngapi zimetumika. Ukaguzi huu hauchukui hata dakika.

"Siku ya kwanza ichaji saa nane bila kuiwasha." Huu ni urithi wa betri za zamani. Betri za lithiamu hazihitaji hivyo. Kinachozichosha ni joto, na kukaa kwenye asilimia mia muda wote. Kama laptopu yako inashinda kwenye umeme, tafuta kwenye programu ya mtengenezaji mpangilio wa kuzuia chaji isivuke asilimia 80. ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell na nyingine nyingi zinao.

Chaji na joto

Ukubwa wa betri hupimwa kwa wati-saa, Wh. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya Wh kwa wati ambazo laptopu inatumia. Betri ya Wh 57, ukiwa unaandika kwa mwanga wa wastani na laptopu inakula wati 8, inakupa kama saa saba. Ukianza kuijenga programu kubwa na prosesa ikakaa kwenye wati 20, saa tatu hazifiki. Kwa hiyo "chaji saa sita" bila kusema kazi gani ni maneno matupu.

Kwa laptopu iliyotumika, swali la kweli ni betri imebaki kiasi gani. Fungua kidirisha cha amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, ubonyeze Enter. Windows hutengeneza faili na kukuambia ilipo. Humo kuna "Design capacity", uwezo wa kiwandani, na "Full charge capacity", uwezo wa leo. Ikiwa ya kwanza ni 57,000 na ya pili 28,000, nusu imekwenda, na bei ishuke kiasi cha betri mpya. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia kuangalia.

Pale umeme unapokatika mara kwa mara, ipe uzito laptopu inayochajiwa kwa USB-C. Chaja ndogo moja yenye nguvu ya kutosha inachaji simu na laptopu, na hata pawabenki kubwa inaweza kukuvusha jioni. Hapo unapunguza na uzito wa begi, maana chaja za zamani za tofali ni nzito.

Joto nalo tusilisahau. Prosesa ikipata moto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na mwili mwembamba hauna nafasi kubwa ya kupitisha hewa. MacBook Air za M1 kuendelea hazina feni kabisa: kimya kabisa, safi kwa kazi fupifupi, lakini kazi nzito ya nusu saa mfululizo huishusha kasi. Katika chumba kisicho na kiyoyozi, Mombasa au Dar mwezi wa Februari, hali hiyo huja mapema zaidi. Mwenye kazi ndefu nzito avumilie gramu mia mbili tatu za ziada apate feni.

Kabla ya kutoa hela

Laptopu nyingi zilizotumika zilikuwa mali ya kampuni, na kampuni huzifunga. Izime, iwashe huku ukibonyeza kitufe cha kuingilia BIOS, mipangilio ya msingi ya laptopu: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad. Ikikudai nywila ambayo muuzaji haijui, iache, kwa sababu kuiondoa si kazi ya fundi yeyote wa kichochoroni. Kwa MacBook, omba ifutwe na kuwashwa upya mbele yako ikiwa imeunganishwa na intaneti. Ikitokea skrini ya "Remote Management", bado inasimamiwa na taasisi fulani. Ikidai akaunti ya mwenyewe wa zamani, bado imefungwa kwa jina lake. Zote mbili ni za kuacha.

Tazama kibodi pia, hasa wewe mwandishi wa programu. Laptopu iliyotoka Uingereza ina alama ya £ juu ya 3, na @ na " zimebadilishana nafasi ukilinganisha na ya Marekani, # imehamia karibu na Enter. Ya Ujerumani imebadilisha Y na Z, na mabano ya mraba na yale ya nyoka yanahitaji kitufe cha AltGr. Unaweza kuiambia Windows ifuate mpangilio wa Marekani, lakini vidole vitaandika kitu kimoja na macho yataona kingine, kila siku, kwenye alama unazozitumia kuliko mtu mwingine yeyote.

Mbili za mwaka mmoja

Hebu tuyaweke haya yote kwenye laptopu mbili zinazopatikana sana sokoni, za mtengenezaji mmoja na mwaka mmoja, 2018: ThinkPad X1 Carbon ya kizazi cha sita na ThinkPad T480. (Hicho ni kizazi cha mfululizo wa X1 Carbon, kisichanganywe na kizazi cha prosesa.) Zote mbili ni za inchi 14, zote zinapatikana na prosesa za kizazi cha nane, i5-8250U ikiwemo, na zikiwa nazo zinapokea Windows 11, zote zinachaji kwa USB-C.

X1 Carbon ina kilo 1.13, mwili wa nyuzi za kaboni, betri ya Wh 57. RAM imechomelewa, GB 8 au 16 kadiri mwenyewe wa kwanza alivyoagiza. Tundu la waya wa intaneti linahitaji adapta.

T480 inaanzia kilo 1.58, yaani karibu nusu kilo zaidi. Neno "inaanzia" lina uzito wake: huo ni uzito na betri ndogo. Ina soketi mbili za RAM, tundu la kawaida la waya wa intaneti, na betri mbili, moja ndani na moja nyuma inayochomoka. Unaweza kuichomoa ya nyuma na kuingiza nyingine huku laptopu inaendelea kufanya kazi kwa ile ya ndani. Kwa mtu wa eneo lenye mgao, hilo ni jambo kubwa. Ila kuwa makini na skrini, kwa sababu baadhi yake zilitoka na nukta 1366 kwa 768. Skrini hiyo inaonyesha mistari michache ya msimbo na rangi zake zimepauka. Tafuta yenye 1920 kwa 1080.

Kwa mtu anayezunguka mjini kutwa kukutana na wateja, X1 Carbon ya GB 16 ndiyo laptopu yake, na nusu kilo atakayoiokoa ataishukuru kila jioni. Ukiikuta ya GB 8 na unatengeneza programu za simu, mrudishie muuzaji hata kama ameshusha bei, umwombe T480 yenye GB 8 hizohizo na soketi moja tupu. Kipande kingine cha GB 8 utakiweka mwenyewe nyumbani.